Swali Kwanza, Mchango Baadaye: Kwa Familia za Dodoma Zinazotaka Kuchangia Utafiti wa Saratani

Mbukwenyi! Ndugu mwenyekiti wa kamati, mama zetu na baba zetu mliokaa mbele, na vijana mliobanana pale mlangoni, asanteni kwa kufika.

Mmetuita kwa sababu mnataka kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Karibu kila aliyeketi humu ama amezika, ama anauguza. Pole mmeshapewa za kutosha, kwa hiyo leo tuingie kwenye hesabu.

Watu wa mji huu wanajua kuchangishana. Msiba ukitokea, rambirambi inakusanywa siku hiyo hiyo, na hakuna anayedai mchanganuo. Harusi ina kamati, kadi za ahadi, kundi la WhatsApp na mweka hazina mkali, na mwisho wake watu wanakula, wanacheza, wanarudi nyumbani wameona fedha yao ilikokwenda. Mchango wa utafiti hauna sufuria. Unatoa leo, na baada ya mwaka mmoja na nusu unaletewa karatasi chache, pengine zimeandikwa kwamba kilichotafutwa hakikuonekana. Mchangiaji ambaye hakuambiwa hivyo tangu siku ya kwanza atasema ameibiwa, na hatutamlaumu.

Muda wenyewe ni mrefu. Mwaka 1983 Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake waliripoti kupata kirusi cha HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi. Leo tunajua aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinabeba karibu asilimia 70 ya saratani hiyo. Chanjo ya kwanza ilipitishwa mwaka 2006, na Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018. Hesabuni: miaka 35, kutoka maabara hadi bega la mtoto wa shule. Kwa hiyo akisimama mtu yeyote jukwaani kwenu akasema kwamba mchango huu utaleta dawa mwakani, mnyang'anyeni kipaza sauti.

Sasa, kamati nyingi zinaanza na bango, fulana na jina la mgeni rasmi. Zinachanga, zinapata milioni kadhaa, halafu zinaanza kuuliza: tumpe nani? Hapo ndipo fedha inapoanza kunuka. Kila mjumbe ana hospitali anayoipenda na daktari anayemjua. Mmoja anataka inunuliwe mashine ili jina la marehemu libandikwe. Mwingine shangazi yake kaanza mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na hana nauli. Wote wana hoja, na hakuna kilichoandikwa cha kuwaamua. Ushauri wetu mkubwa kuliko mwingine wowote leo ni huu: swali la utafiti lipatikane kabla ya shilingi ya kwanza kuchangwa.

Na swali hilo linatoka kwenu. Kila nyumba iliyouguza saratani ina bahasha ya kaki juu ya kabati: kadi za kliniki, majibu ya ultrasaundi, karatasi ya kipimo cha kinyama (kipande kinachokatwa kwa mgonjwa ili kipimwe), barua ya rufaa. Wengi hawajaifungua tangu mazishi. Ifungueni, mtoe tarehe nne. Ya kwanza ni siku mgonjwa alipoona dalili, hata kama ni ya kukadiria kwa msimu: kabla ya palizi, baada ya mavuno. Ya pili ni siku alipofika zahanati au kituo cha afya mara ya kwanza. Ya tatu ni siku kinyama kilipochukuliwa. Ya nne ni siku majibu ya kinyama yalipofika mkononi. Weka nafasi kati ya tarehe na tarehe kwa siku, siyo kwa miezi. Familia moja itakuta miezi mingi ilipotelea nyumbani, kwa mganga au kwa aibu. Nyingine itakuta mgonjwa alifika zahanati mapema kabisa, akapewa dawa za vidonda vya tumbo mara tatu. Nyingine itaona kinyama kilichukuliwa kwa wakati na majibu yakachelewa. Haya ni matatizo matatu tofauti, na kila moja lina utafiti wake, gharama yake na mtu wake wa kulifanya. Nchini kwetu wagonjwa wengi wa saratani hufika kwenye tiba ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, kwa hiyo swali la muda halijachakaa.

Angalizo hapo hapo: bahasha ni ya familia. Kuifungua ya nyumbani kwako ni haki yako. Kupita nyumba kwa nyumba ukikusanya karatasi za wagonjwa wa wengine ni kitu kingine, hata kama nia ni njema. Hapo umeshaingia kwenye utafiti wa binadamu na unahitaji kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kamati inayowalinda wanaotafitiwa. Tutafika huko.

Mtu atauliza: milioni nane au kumi za watu wa Chamwino na Mpwapwa zitafanya utafiti gani wa maana? Jibu liko humu humu Afrika Mashariki. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, akataka kujua unapatikana wapi na wapi haupo. Alianza kwa kutuma kwa posta dodoso lenye picha kwa hospitali za bara hili. Mwaka 1961 akaingia kwenye gari la mitumba na madaktari wawili wenzake, wakaenda kusini hadi Afrika Kusini na kurudi, wiki 10, maili zipatazo 10,000, wakipita katika hospitali zaidi ya 50 wakiuliza swali moja: mmeshauona uvimbe huu? Jibu lilichora ramani. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, futi 5,000 na kuendelea, uvimbe ulikuwa nadra. Ramani hiyo ikawafanya watu washuku maambukizi, na mwaka 1964 maabara moja ya London ikakuta ndani ya vipande vya uvimbe vilivyotumwa kutoka Uganda kirusi tunachokiita leo Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Safari yenyewe iligharimu mafuta, stempu na picha.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Saratani ya koo la chakula, ile inayomfanya mtu ashindwe kumeza ugali halafu uji halafu maji, imejipanga kwenye ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na sisi tumo. Watafiti walikwenda Kilimanjaro na kipimajoto, wakapima chai ya watu kwenye kikombe pale wanapopiga funda la kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: wastani ulizidi kidogo nyuzi 70. Tena wanywaji wa chai ya maziwa waliinywa ikiwa ya moto zaidi kuliko wanywaji wa chai ya rangi, kwa sababu ya rangi hupoa upesi. Mwaka uliofuata, 2016, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka vinywaji vya moto uliozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani. Kipimajoto, dodoso, na mtu mvumilivu wa kukaa jikoni kwa watu asubuhi.

Na sisi wa kanda ya kati tuna swali letu ambalo halihitaji kuazimwa popote: sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu wa nafaka. Mwaka 2016, mwaka huo huo, watu wa Dodoma na Manyara waliugua ini kwa kula mahindi yenye kuvu. Waliohesabiwa ni 68, na 20 kati yao walifariki. Hiyo ni sumu ya ghafla. Sumukuvu inayoingia kidogo kidogo miaka mingi kwa mahindi na karanga haimwangushi mtu siku hiyo. Inasababisha saratani ya ini, na kwa mwenye kirusi cha homa ya ini B hatari huongezeka kwa namna ya kuzidisha badala ya kujumlisha. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo moja ya mahindi. Mkitaka swali lenye harufu ya vumbi la Kongwa na Chemba, hilo hapo: nafaka iliyoko kwenye maghala ya nyumbani, mwezi wa sita na tena mwezi wa kumi na mbili, ina sumukuvu kiasi gani?

Lakini hata hapo kuna namna ya kuharibu. Kuvu haienei sawasawa kwenye gunia. Punje chache zinaweza kubeba sumu yote, na zilizobaki zikawa safi. Mkusanyaji mvivu anachota konzi moja juu ya gunia, maabara inasema salama, na fedha yenu imekwisha kwa jibu la uongo. Inatakiwa bambo, kile chuma cha kuchomea gunia, kichomwe juu, katikati, chini na pembeni, kwenye magunia kadhaa ya kaya hiyo, punje zote zichanganywe, zisagwe pamoja, ndipo sehemu ndogo ya unga ule ipelekwe maabara. Ukisaga kwanza ndipo ugawe, jibu linatulia. Ukigawa kabla ya kusaga, unacheza bahati nasibu.

Tuje kwenye idadi, maana hapa ndipo wafadhili wadogo wanapopigwa chenga. Mtafiti akiwaambia anahitaji watu 384, msidhani ameota. Ni hesabu ya kukadiria asilimia fulani kwa kosa lisilozidi 5 juu au chini. Mkiridhika na kosa la 10, watu 97 wanatosha. Ona uhusiano wake: ukitaka usahihi mara mbili, unalipa watu mara nne. Tuseme kila mhojiwa anagharimu 8,000, kwa maana ya nauli ya mkusanyaji, karatasi na maji. Watu 384 ni shilingi 3,072,000. Watu 97 ni 776,000. Kamati ikiwa na fedha kidogo, ikubaliane mapema na mtafiti kupunguza upana wa swali: kata moja badala ya wilaya, ugonjwa mmoja badala ya mitatu. Kinachofanyika mara nyingi ni kwamba kazi inaanza kwa matumaini ya watu 384, fedha inaisha kwenye wa 140, na wale 140 ni wa vijiji vilivyo kando ya lami, kwa sababu ndivyo vilivyofikika kwanza. Jibu linakuwa la watu wa lami peke yao, na ukubwa wake haulisaidii.

Jambo la kinyama tunalikalia kidogo, kwa sababu utafiti mwingi wa saratani unasimama juu yake, na hakuna mchangishaji anayeliwekea bango. Kipande kilichokatwa kwa mgonjwa kinaanza kuoza dakika ile ile. Kinatakiwa kiingie kwenye formalini, dawa ya kukizuia kisioze, ndani ya saa moja. Formalini yenyewe ni ya asilimia 10: sehemu moja ya ile kali inayonunuliwa kwenye chupa, sehemu tisa za maji yenye chumvi za fosfeti za kuzuia uchachu. Ujazo wake uwe angalau mara kumi ya kinyama. Dawa hiyo hupenya taratibu, kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo uvimbe mkubwa wa titi lazima ukatwe vipande vya unene wa sentimita moja hivi, la sivyo nje kunaiva na katikati kunaoza. Kwa kipimo cha homoni za saratani ya titi, kinyama kikae humo saa 6 hadi 72, kisipungue wala kisizidi. Sasa angalieni kinachotokea mahali penye uhaba: kopo dogo la mdomo mwembamba, kinyama kimesukumwa kwa nguvu, formalini imefika nusu, lebo imebandikwa kwenye kifuniko. Vifuniko viwili vikibadilishana mezani, mama wa Bahi anapewa majibu ya mama wa Kondoa. Lebo hukaa kwenye mwili wa kopo.

Kwa nini tunawaambia ninyi wachangishaji? Kwa sababu makopo ya mdomo mpana, formalini iliyochanganywa vizuri, lebo zisizofutika na nauli ya kufikisha sampuli kwa wakati ni vitu ambavyo milioni tatu inavigusa, na bila hivyo mashine ya mamilioni mia huko mbele inasoma uozo. Mashine ina pahali pa kubandika jina la marehemu, kopo halina. Tunaelewa. Lakini mashine huja bila vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, bila mkataba wa matengenezo na bila kifaa cha kutuliza umeme, na tumeona za kutosha zilizofunikwa kitambaa cha maua. Mkishindwa kabisa kujizuia kununua mashine, ulizeni kwanza bei ya vitendanishi vya miaka mitatu na nani atavilipa.

Kuna kazi nyingine isiyo na picha nzuri: rejesta ya saratani. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa Tanzania juu kidogo ya 40,000 kwa mwaka. Neno ni makadirio. Ili hesabu ya kweli ya kanda ipatikane, lazima mtu apite wodi, maabara na vitabu vya vifo akiandika umri, jinsia, kijiji anachoishi mgonjwa (siyo alikofikia kwa mwanawe mjini), tarehe ya kugundulika, kiungo, aina ya seli, na ugonjwa ulithibitishwa kwa njia gani. Programu ya kompyuta ya kazi hiyo, CanReg5, hutolewa bure. Kinachokosekana ni mshahara wa mtu. Kosa kubwa la rejesta ni mgonjwa mmoja kuhesabiwa mara mbili: hapa ameandikwa kwa jina la ubatizo, kule kwa jina la baba mzazi, pengine kwa jina la mume. Kulipia msajili mmoja aliyefunzwa kwa mwaka mzima, na simu yake, na bodaboda yake, ni utafiti, tena ni ule ambao tafiti nyingine zote husimama juu yake.

Haya, swali mmeshalipata. Ndipo tuchange.

Kwanza chombo. Msikimbilie kusajili shirika jipya kwa kampeni moja. Shirika likisajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, kila mwaka linadaiwa taarifa ya kazi na hesabu, liwe limefanya kitu au limelala. Ni nafuu kuingia makubaliano ya maandishi na taasisi iliyopo, chuo au hospitali, fedha iingie kwenye akaunti ya taasisi ikiwa na jina la mradi wenu. Mkitaka akaunti ya kikundi, benki kwa kawaida itadai katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao wenye saini, barua ya serikali ya mtaa na vitambulisho vya NIDA vya watia saini. Watia saini wawe watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa fedha, na wasiwe wa nyumba moja. Mume na mke wakiwa watia saini, mna mtia saini mmoja.

Lipa namba iwe ya kikundi. Namba binafsi ya mweka hazina, hata awe mzee wa kanisa au imamu, inamchafua yeye mwenyewe: siku simu ikiibiwa Majengo sokoni, nani atamwamini? Taarifa ya benki na ya simu ipigwe picha ibandikwe kwenye kundi kila Ijumaa, pamoja na makato. Kuhusu kubandika majina na kiasi cha kila mmoja, mwulize mchangiaji. Kuhusu picha za wagonjwa wodini, tunasema hapana, isipokuwa kwa ridhaa ya maandishi ya mwenyewe akiwa na akili timamu, siyo ya mtoto wa shangazi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na taarifa za afya ni nyeti.

Matembezi ndiyo mnayoyapenda, basi tuyapigie hesabu. Watu 300, kila mmoja 20,000: milioni sita. Fulana moja tuseme 12,000, jumla 3,600,000. Muziki, maji, gari la wagonjwa, mabango na posho za hapa na pale, 1,700,000. Zimebaki 700,000. Maana yake kila aliyetoa 20,000, utafiti umepata 2,333. Fulana nazo rangi itatoka kabla ya mvua za Desemba. Sasa ondoa fulana, weka utepe wa shilingi 300: unabaki na 4,210,000, na kila elfu ishirini inafikisha zaidi ya 14,000. Wenye fulana watawaambia bila fulana watu hawaji. Kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa, alianza kukimbia kuvuka nchi yake Aprili 1980, na njiani akaomba dola moja kwa kila Mkanada. Alikimbia siku 143 kabla saratani haijaingia mapafuni na kumsimamisha, na hadi Februari 1981 fedha ilikuwa imezidi dola milioni 24, sawa na dola moja kwa kila mwananchi. Mbio za jina lake zinazoendelea hadi leo hazina kiingilio wala mshindi.

Ratiba iendane na mfuko wa watu. Mkulima ana fedha baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti. Mtumishi wa serikali ana fedha mshahara ukishaingia, na wiki mbili baadaye hana. Jumamosi ya mwisho wa Julai inawakuta wote. Anzeni saa 12:30 asubuhi, kwa sababu saa 4 jua la Dodoma halina huruma na upepo wa vumbi umeshaamka. Mgeni rasmi azungumze mwishoni. Akitakiwa kufungua, watu 300 watasimama Nyerere Square kwa muda wa saa mbili wakimsubiri, wazee wataketi kwenye ukingo wa barabara, na maji yataisha kabla ya hatua ya kwanza. Polisi wapewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla, lakini mtu mwenye busara hupeleka wiki mbili kabla pamoja na ramani ya njia, na barua nyingine Halmashauri ya Jiji kwa ajili ya uwanja.

Ahadi ni deni, tunasema, ila deni hili halina mdhamini. Kadi ya ahadi isiyofuatwa ndani ya siku saba inapoa. Ikifika mwezi imekufa. Kwa hiyo bajeti ya utafiti iandikwe kwa fedha iliyomo benki. Mkitoa sanduku la sarafu kwenye mnada wa Msalato, liwe na kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti, lifunguliwe mbele ya mashahidi watatu, wahesabu, waandike, wasaini hapo hapo kabla mtu hajaagiza nyama.

Na lile la shangazi na nauli. Litatokea, katikati ya kampeni, na mtakuwa watu wabaya mkimkatalia. Amueni siku ya kwanza: ama sehemu moja ya kumi ya kila mchango iwe ya nauli za wagonjwa na itangazwe hivyo, ama kuna kapu jingine kabisa. Kuchukua kimya kimya kutoka fungu la utafiti kumevunja kamati nyingi kuliko wizi.

Mkishakuwa na fedha, ombeni andiko kutoka kwa watafiti wawili au watatu, kurasa zisizozidi tano, kwa Kiswahili. Mtafiti asiyeweza kuwaeleza swali lake kwa Kiswahili hajalielewa. Angalieni bajeti: kama nusu yake ni posho, semina na chai, rudisheni. Ulizeni taasisi inakata asilimia ngapi kwa usimamizi. Kukata ni halali, kuficha ni kosa. Kazi isianze kabla ya kibali cha kamati ya maadili ya taasisi, au ile ya Taifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kwa kibali hicho hesabuni miezi. Lipeni kwa awamu tatu kwenye akaunti ya taasisi: asilimia 40 kibali kikionekana, 40 nusu ya sampuli zikishapatikana, 20 ripoti ikikabidhiwa. Asilimia 20 hiyo ya mwisho msiiachie kwa maneno. Ndiyo pekee inayomtoa mtafiti kwenye kazi yake mpya akaja kumaliza ya kwenu.

Ripoti kwa wachangiaji iwe ukurasa mmoja, ibandikwe pale pale mlipobandika bango la kuchangisha: msikitini, kanisani, ofisi ya mtaa, sokoni. Iseme swali lilikuwa nini, waliohojiwa au kupimwa ni wangapi, kimeonekana nini, fedha imekwenda wapi. Kama hakikuonekana kitu, iandikwe hivyo kwa herufi za ukubwa ule ule. Mtafiti wa Singida asirudie kesho kwa fedha za watu wengine. Na waliopimwa wapewe majibu yao kabla ya gazeti. Kaya iliyokutwa na sumukuvu ghalani ikisubiri chapisho, itakuwa imeshaumaliza ule unga.

Bado bakaa. Hata mradi mzuri hubakiza kitu, 180,000 au 340,000, na hizo ndizo zinazogombanisha ndugu. Iandikeni leo kwenye muhtasari, kabla hakujawa na cha kugombania: bakaa ya utafiti itanunua makopo na formalini kwa hospitali ambako kinyama kilichukuliwa, na risiti yake itabandikwa chini ya ule ukurasa mmoja.